Kiwanda kikija mtaani: namna ya kutoa maoni kabla leseni haijatoka

Nimeshona suruali za kwenda Marekani kwenye kiwanda kimoja cha EPZ, yaani eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje, hapa Mombasa kwa miaka mingi, na mshahara ule ndio uliomsomesha mwanangu. Anayesema viwanda visije simuungi mkono. Vijana wetu wanashinda vibarazani na vyeti vyao.

Lakini watu wa mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, pia ni jirani zetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia wakazi na wafanyakazi sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa mle, akasimama nao. Kiwanda kilifungwa 2014, kesi ikafunguliwa 2016, na 2020 wakazi wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Mtoto aliyekunywa sumu ile amekuwa mtu mzima akisubiri. Kwa hivyo semeni mapema, leseni ikiwa bado iko mezani.

Kwanza mjue kwamba mradi upo. Mradi mkubwa lazima utangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti ya kawaida, na redioni pia. Mara nyingi NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa leseni hizi, hutoa siku 30 za kupokea maoni. Gazeti Rasmi hutoka Ijumaa na linasomeka bure mtandaoni, basi mteueni kijana mmoja alipitie kila wiki. Miradi midogo haitangazwi hivyo. Mkiona kiwanja kimezungushiwa mabati na hamjaambiwa kitu, andikieni ofisi ya NEMA ya kaunti kuuliza kama kuna ripoti ya athari za mradi kwa mazingira, na mkitaje kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nendeni na nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Maneno ya mdomo pale kaunta hayashikiki baadaye.

Ripoti huwa nene, tena imeandikwa Kiingereza cha wataalamu. Usianze ukurasa wa kwanza. Anza nyuma, kwenye viambatisho, kwa karatasi za mahudhurio na kumbukumbu za mikutano. Kanuni za 2003 zinataka angalau mikutano mitatu ya hadhara na watu watakaoathirika. Soma jina kwa jina. Nimewahi kukuta orodha ya "wakazi" iliyojaa watu wa mtaa wa mbali, na kwetu, unakoelekea moshi, hakuna hata mmoja. Angalia tarehe pia. Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ulipewa leseni 2016. Jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, lile tunaloliita NET, liliifuta Juni 2019, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: waliitwa kabla utafiti haujakamilika, kwa hiyo hawakuwa na cha kujibu.

Kisha tafuta vipimo vya hewa, uone vilichukuliwa mwezi gani. Kama ni Januari, upepo ulikuwa kaskazi, na moshi ulikuwa ukielekea upande mmoja. Kusi ikianza, moshi huohuo unageukia nyumba nyingine ambazo ripoti haijazitaja kabisa. Swali hili halihitaji shahada. Mvuvi yeyote wa hapa anaweza kuliuliza, na mtaalamu analazimika kulijibu.

Sehemu ya kazi isomeni kama wafanyakazi. Kampuni ya EPZ hailipi kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza, kwa hiyo faida kubwa inayotufikia sisi ni ajira. Basi ajira ipimwe. Idadi ya kazi iliyotajwa, ni ya wakati wa ujenzi tu au ya uzalishaji? Watu wataandikwa kwa mkataba au watapangwa foleni getini kila alfajiri kama vibarua? Bima ya kuumia kazini, inayotakiwa na sheria ya 2007, imetajwa? Na kama kuna kemikali au madini, uliza ovaroli zitafuliwa wapi. Mwulizaji huonekana mtu wa mambo madogo, lakini vumbi la risasi humfikia mtoto mchanga kupitia nguo za baba anayerudi kazini na kumpakata. Kiwanda kinachofua ovaroli chenyewe na kuwawekea watu bafu kimewalinda wafanyakazi na majirani kwa pamoja. Ndiyo maana sikubali tuambiwe tuchague kati ya kazi na afya.

Mkiandika, kuweni wafupi. "Tunapinga" peke yake ni rahisi kuwekwa kando. Taja ukurasa, uliza, kisha omba sharti, kwa mfano: "Jedwali la ukurasa huu linasema maji machafu yatasafishwa, lakini halisemi nani atayapima wala mara ngapi. Tunaomba leseni iseme yapimwe kila mwezi na matokeo yabandikwe kwa chifu." Barua isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu kabla ya kutiwa sahihi, na akina mama wa visimani na mama ntilie wa getini wasikose. Kila mmoja aandike jina, namba ya kitambulisho na anapoishi.

Leseni ikitoka na hamkuridhika, mna siku 60 za kwenda NET. Kifungu cha 70 cha Katiba pia kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameshaumia. Na mkiridhika, bado ombeni nakala ya leseni pamoja na masharti yake. Ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kila mwaka ikija, mketi na nakala hizo mbili na kulinganisha sharti kwa sharti.