Unaenda kusoma Minneapolis, Marekani, na theluji hujawahi kuiona? Soma hii kabla ya kupaki

Kama chuo chako kinafungua Januari basi ujue unatua kwenye mwezi wa baridi kuliko yote, hakuna cha kuzoea pole pole kama wenzako wanaofika Agosti wakakuta joto la kawaida tu. Kwahiyo jaketi, kofia ya kufunika masikio, glavu na soksi nzito vyote vikae kwenye begi la mkononi, usiviweke kwenye lile kubwa maana likibaki Amsterdam wewe utatoka eapoti na shati.

Hela usiimalize kwa kununua kila kitu nyumbani. Jaketi la mtumba la pale Memorial, Moshi, au Gikomba litakufikisha vizuri tu, ila buti nunua hukohuko, zile zisizopitisha maji na zenye joto ndani, na ziwe kubwa kidogo kuliko saizi yako maana soksi nene nayo inataka nafasi, kiatu kikibana damu haipiti na vidole vinakufa ganzi mapema. Na mitumba Marekani ipo tele, ingia maduka ya Goodwill. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, pamba ikishika jasho haikauki na ukitoka nje unaganda nayo, vaa polista au sufu kisha sweta kisha jaketi la kuzuia upepo.

Upepo ndo wenyewe. Kwenye simu utaona namba mbili, ya baridi na ya jinsi inavyosikika ukijumlisha upepo, hiyo ya pili ndo uvalie. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri za Selsiasi, na kwa upepo ikasikika kama 48 chini. Ikianza kusikika kama 28 chini hivi ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, yaani kusubiri basi tu. Wenyeji wanatumia Farenhaiti, kwahiyo ukisikia 32 jua hapo ndo maji yanaganda, usifurahi.

Theluji mpya haiangushi watu sana, kinachoangusha ni ile barafu nyembamba usiyoiona juu ya lami, mchana imeyeyuka usiku ikaganda tena. Piga hatua fupi, mikono isikae mfukoni. Katikati ya mji kuna skyway, njia za juu zilizofungwa zinazounganisha majengo, unatembea mbali bila kukanyaga nje, na Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kina mahandaki yake, yanaitwa Gopher Way, jifunze ramani yake wiki ya kwanza.

Ndani nako kuna mambo. Hita inakausha hewa mpaka midomo inapasuka na pua inatoa damu, losheni nyepesi haisaidii, beba mafuta ya mgando. Na tafadhali sana mtu asijaribu kuwasha mkaa ndani eti apate joto au achome nyama, ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu wamelala. Nyama choma isubiri Juni.

Halafu giza, hili watu hawakuambii. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni na asubuhi linatoka karibu saa mbili, unaingia darasani giza unatoka giza. Mtu anaanza kulala hovyo, hapokei simu, vipindi anaruka, anadhani ni uvivu kumbe ni msimu. Ulizia mapema kama bima yako inalipia mshauri nasaha wa chuo, na umuulize daktari kuhusu vitamini D maana jua la kule wakati huo halitoshi ngozi kuitengeneza, hata ukilikalia. Toka nje mchana hata kidogo. Na simu za nyumbani zipangie saa, baridi mnapishana saa tisa, kwako ikiwa saa tatu usiku Tanzania ni saa kumi na mbili asubuhi, mama keshaamka. Machi saa zinasogezwa mbele, mnapishana nane.

La mwisho ni chumba. Kabla hujasaini mkataba uliza kama hela ya hita iko ndani ya kodi au unalipa mwenyewe, maana bili ya Januari si mchezo, na kama utanunua kigari uliza kinalala wapi siku ya theluji nzito, mji ukitangaza snow emergency, yaani dharura ya theluji, magari yanapangiwa upande wa kuegesha na lililokosea linavutwa, na kulikomboa ni hela.