Kutoa maji kwenye pipa la dizeli: mwongozo kwa watu wa mwaloni

Pale mwaloni Kirumba, ufukoni mwa Ziwa Victoria ambako boti hupakia, mafuta yakifika kila mtu ana haraka. Pipa linashushwa kwenye Fuso, linabiringishwa hadi ukingoni, mpira unaingizwa, boti inajazwa. Nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kushika injini. Milima ya mawe ya Mwanza ilikuwa bado inaonekana nyuma yetu injini ilipokohoa mara tatu ikanyamaza. Nikafungua bakuli la filta: maji matupu. Tulirudi kwa kupiga kasia, na mizigo ya watu juu.

Lita ya dizeli ina uzito wa kama kilo 0.84, lita ya maji kilo 1. Kwa hiyo maji yatashuka yenyewe, ila yanataka muda, na muda wenyewe unategemea ukubwa wa tone. Tone lenye nusu ya upana wa mwenzake hushuka taratibu mara nne zaidi. Kila unapobiringisha pipa au kupampu kwa fujo, unayasaga matone na kujiongezea kazi.

Hatua ya 1: Litulize pipa

Lisimamishe kivulini, chini ya paa. Weka kipande cha mbao chini ya upande mmoja ili lilale kidogo, kizibo kikubwa kikiwa upande wa chini. Maji yatakusanyika kwenye kona hiyo, na mpira wako utaifikia. Liache mpaka kesho. Kama limetoka safari ndefu ya barabara mbaya, liache siku mbili. Mwenye boti atanung'unika, mwache anung'unike.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kuvuta

Wenye vituo vya mafuta wana krimu ya kupaka kwenye fimbo, ikigusa maji inabadilika rangi. Ukiipata, vizuri. Usipoipata, tafuta bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, refu kuliko pipa, na uvae glavu. Ziba tundu la juu kwa kidole gumba, lishushe mpaka liguse chini kwenye ile kona, kisha achia kidole. Mafuta ya chini yatapanda bombani. Ziba tena, litoe, mimina kwenye chupa safi ya kioo.

Iache chupa itulie, halafu itazame juani. Maji utayaona chini, yamejitenga kwa mstari. Ukiwa na shaka, dondoshea rangi ya chakula ya maji: haichanganyiki na dizeli, inazama na kupaka rangi maji peke yake. Kisha weka gazeti nyuma ya chupa. Ukisoma herufi bila shida, dizeli ya juu ni nzuri. Ukiona ukungu, bado kuna matone madogo yanaelea. Na kama kati ya maji na mafuta kuna ute mweusi, hao ni vijidudu. Wanaishi kwenye mpaka huo na ndio wanaoziba filta. Pipa la namna hiyo lioshwe kabla ya kujazwa tena.

Hatua ya 3: Vuta maji

Pampu ya mkono, mpira chini kabisa kwenye kona, polepole. Pokea kwenye ndoo. Dizeli safi ikianza kutoka, vuta lita moja zaidi. Hiyo usiione ni hasara, itulize kwenye galoni na utairudisha. Maji machafu yanayobaki usimwage ziwani. Tunayokunywa mjini yanatoka humo humo.

Ujue pia kiwango: sheria ya ubora ya Ulaya, EN 590, inaruhusu miligramu 200 tu za maji kwa kilo moja ya dizeli. Kwa pipa la lita 200 hayo ni kama gramu 34, vijiko vichache. Maji yanayoonekana kwa macho chini ya pipa yameshavuka huko zamani.

Hatua ya 4: Hamisha ya juu

Sasa mpira ukae sentimita 10 juu ya sakafu ya pipa, na mafuta yapite kwenye faneli yenye wavu unaokataa maji. Kipande cha kanga kinazuia uchafu tu. Kikishalowa maji kinayapitisha.

Ikiwa yote yana rangi ya maziwa, subiri. Pipa lililopata joto la mchana huachia maji haraka zaidi kwa sababu dizeli inakuwa nyepesi, lakini usiwashe moto hata siku moja: mvuke wa dizeli unaweza kushika moto kuanzia kama nyuzi 55. Kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi wanapasha hadi zaidi ya nyuzi 100, ila ni ndani ya matangi yaliyofungwa. Wanachanganya maji yasiyo na chumvi, yaibebe chumvi ya mafuta, kisha wanapitisha umeme wa maelfu ya volti ili matone yaungane na kuzama. Chumvi ikibaki, ikipashwa hutoa asidi inayokula mabomba. Sisi maji yetu ya ziwa hayana chumvi ya kutisha, lakini pampu ya dizeli haihitaji chumvi ili ife. Maji peke yake yanatosha.

Kulihifadhi

Pipa likisimama nje bila paa, mvua hutuama juu ya mfuniko. Usiku chuma kinapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na pipa linayanyonya maji hayo kupitia kizibo. Lilaze, vizibo viwili viwe kushoto na kulia, kama 3 na 9 kwenye uso wa saa (soma kwa Kiswahili au kwa Kizungu, ni pale pale).

Kwenye injini

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua koki ya chini ya bakuli la filta, pokea kwenye kikombe mpaka ije dizeli tupu. Ukiachia nyingi mno itabidi utoe upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta. Koki hiyo mara nyingi ni ya plastiki: ifunge kwa vidole, spana iache kwenye boksi.