Somo: Siku moja Kurashiki, kwenye Jumba la Sanaa la Ohara

Ndugu zangu mlioko Japani, na ninyi mnaofunga mizigo kuja: wengi wetu tukifika Osaka tunaishia kwenye kasri na madukani. Mkipata siku moja ya ziada, nendeni Kurashiki, mkoa wa Okayama. Kuna jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1930, la kwanza Japani kwa sanaa ya Magharibi. Lile la taifa pale Ueno, Tokyo, lilifunguliwa 1959. Mji mdogo wa pamba uliutangulia mji mkuu kwa miaka 29.

Hatua ya 1: Siku. Jumatatu hufungwa, kama majumba mengi ya makumbusho Japani. Jumatatu ikiwa sikukuu mambo hubadilika, kwa hiyo tazama kalenda kwenye tovuti yao, na saa ya kufunga pia. Nenda asubuhi.

Hatua ya 2: Treni. Kutoka stesheni ya Shin-Osaka panda treni ya kasi hadi Okayama, chini kidogo ya saa moja. Hapo badilisha, uchukue treni ya kawaida hadi Kurashiki, robo saa hivi. Angalia sana: kuna stesheni nyingine iitwayo Shin-Kurashiki. Jina linavutia, lakini iko mbali na mji wa kale, na treni za Nozomi, zile za kasi zisizosimama vituo vidogo, hazisimami pale. Iache.

Hatua ya 3: Miguu. Toka mlango wa kusini, nyoosha na barabara kubwa kama dakika 15. Utaona mfereji, mierebi, na maghala ya kuta nyeupe yaliyokuwa yakihifadhi mpunga na pamba. Jengo lenye nguzo kama hekalu la Kigiriki ndilo lenyewe. Picha za mfereji utapiga ukitoka, taa za jioni zikiwaka.

Hatua ya 4: Mlangoni. Begi kubwa liweke kwenye kabati la kufuli. Uwe na sarafu ya yeni 100. Ukitaka kuandika, tumia penseli, si kalamu ya wino. Tunza tiketi, maana utaionyesha tena kwenye jengo la pili.

Hatua ya 5: Mjue Kojima kwanza. Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanaingia wakitafuta majina makubwa, Monet, El Greco, Gauguin, wanasimama sekunde chache, wanatoka. Picha hizo zilifika hapo kwa urafiki wa watu wawili. Ohara Magosaburo alikuwa tajiri wa kiwanda cha nyuzi, Kojima Torajiro alikuwa mchoraji aliyesomeshwa kwa fedha za Ohara hadi Ubelgiji, mjini Ghent. Kojima aliporudi tena Ulaya aliomba ruhusa ya kununua picha, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya Wajapani ambao wasingeweza kusafiri kuziona. Picha ya *Yungiyungi* aliipata kwa Monet mwenyewe. Ile ya El Greco, malaika akimpasha Maria habari, aliikuta Paris ikiuzwa bei ya kutisha; akamwandikia Ohara, na Ohara akatuma fedha.

Mwaka 1921 waliweka baadhi ya picha hizo kwenye shule mjini hapo, watu wakafurika. Kojima alifariki 1929 akiwa na miaka 47, na mwaka uliofuata Ohara akafungua jumba kwa kumbukumbu yake. Ukikijua kisa hiki, mtafute *Msichana wa Kibelgiji Aliyevaa Kimono*, kazi ya Kojima ya 1911. Mimi humpa muda mrefu kuliko Monet, na sioni aibu.

Hatua ya 6: Jengo la ufinyanzi. Msiliruke! Yalikuwa maghala ya mpunga ya ukoo wa Ohara, yakageuzwa kwa ubunifu wa Serizawa Keisuke, msanii wa kutia vitambaa rangi. Ndani kuna vyungu na sahani za wafinyanzi Hamada Shoji, Kawai Kanjiro na Mwingereza Bernard Leach. Hata asiyependa picha hukaa hapa. Kwenye bwawa la uani kuna yungiyungi zilizotokana na bustani ya Monet kule Giverny, kiangazi huchanua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kobe: Kaka, naruhusiwa kupiga picha ndani?
Jibu: Dada yangu, chukulia kwamba hapana mpaka uone alama inayoruhusu. Nunua kadiposti dukani.

Mwanachama, Hiroshima: Shikamoo. Nina watoto wawili, watavumilia?
Jibu: Marahaba. Saa moja watavumilia, si zaidi. Kuna mashua ndogo za mfereji, safari kama dakika 20. Tiketi huisha haraka wikendi, kwa hiyo zikate kabla ya kuingia kwenye picha, na uwaahidi mashua.

Mwanachama, Nagoya: Na chakula kwa sisi Waislamu?
Jibu: Mchuzi wa tambi mara nyingi una mirin, ambayo ni kileo cha kupikia, hata pasipo nyama. Uliza kabla ya kuagiza, au beba chako mule kabla ya kuingia.

Mwanachama, Dodoma: Nitakuja kwa siku nne tu, nalala Tokyo. Inafaa?
Jibu: Hapana, mdogo wangu. Tokyo hadi Okayama ni zaidi ya saa tatu kwenda tu, na nauli ya treni ya kasi inauma. Nenda Ueno. Kurashiki ni kwa anayelala Osaka, Kobe au Hiroshima.