Kubadilisha Shokapu Zilizochoka kwenye Gari la Spoti la Zamani

Shokapu, yaani kifaa kinachotuliza mdundo wa springi za gari, ikichoka huonekana mapema kwa anayeichungulia: mafuta huvuja na kunasa vumbi kwenye mwili wake, tairi hulika kwa mabonde-mabonde, na pua ya gari huinama mno unapokanyaga breki. Usitegemee jaribio la kukandamiza kona ya gari ili kuona linavyodunda, kwa kuwa springi za gari la spoti ni ngumu na huficha shokapu iliyokwisha kufa. Nunua shokapu mbili za ekseli moja kwa pamoja, pamoja na nati mpya za kujifunga.

Siku moja kabla ya kazi, nyunyizia boliti mafuta ya kulegeza kutu. Gari la aina hii huwa chini sana kiasi kwamba jeki huenda isipite, hivyo lipandishe kwanza juu ya mbao nene. Legeza nati za magurudumu, inua gari, kisha likalishe juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Gurudumu likishatoka, egemeza mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi) kwa jeki ya pili ili uzito usining'inie kwenye bomba la mpira la breki. Fungua boliti ya chini, halafu nati za pembeni zilizo juu. Ikiwa springi imeizunguka shokapu, nati ya katikati iliyo juu ya fimbo yake usiiguse kabisa kwa sasa, maana ndiyo inayoizuia springi isifyatuke, na springi ikifyatuka huweza kuua. Funga vibano viwili vya springi pande zinazotazamana, uvikaze kwa zamu kidogo kidogo mpaka springi izunguke kwa mkono kwenye kikalio chake, ndipo ufungue nati hiyo. Fimbo ya shokapu ikizunguka pamoja na nati, ishikilie kwa juu kwa spana ya L. Hasa kwenye shokapu mpya, usiibane fimbo kwa plaizi, kwani mkwaruzo mdogo tu hukata sili inayozuia mafuta yasivuje.

Wakati wa kufunga shokapu mpya, kazi nyingi huharibikia kwenye kukaza. Boliti zinazopita kwenye bushi za mpira (vipande vya mpira vilivyo kwenye viungo) zikikazwa gari likiwa bado hewani, bushi hujifunga katika mkao wa kuning'inia, na gari likishuka mpira hubaki umejipinda muda wote hadi upasuke kabla ya wakati wake. Kwa hiyo zikaze kwa mkono tu, rudisha gurudumu, shusha gari juu ya mbao zile zile, lisukumesukume likae sawa, kisha maliza kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.

Baada ya kilomita 100 hivi, kagua tena boliti zote, kisha lipeleke gari likapimwe mlalo wa magurudumu (alaimenti), hata kama usukani unaonekana kunyooka.