Udongo mara tano: namna ya kusoma asili zinazojirudia katika nyota ya Kichina

Wengi wanaoniletea nyota zao za Kichina huwa wameshazihesabu. Wamejaza tarehe kwenye programu ya simu, ikawachorea jedwali la rangi, na chini yake ikawaandikia: mti 0, moto 0, udongo 5, chuma 1, maji 2. Swali lao nalijua hata kabla hawajafungua mdomo. "Dada, udongo umenizidi, nifanyeje?" Wapo ambao wameshanunua na bangili ya mbao.

Mimi ni mkalimani Guangzhou. Mchana nasimama kati ya wafanyabiashara wa Kariakoo na wenye viwanda, jioni nakunywa chai mtaa wa Xiaobei kwa mzee aliyenifundisha kusoma nguzo nne. Mzee huyo hakuwa ananiruhusu kutaja idadi yoyote mpaka kwanza niseme mtu kazaliwa mwezi gani. Nami nakufundisha kwa mpangilio wake.

Nyota hii huitwa bazi, herufi nane. Zimepangwa kwenye nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina shina juu na tawi chini. Mashina ni 10, matawi 12, na matawi ndiyo wale wanyama, kuanzia Panya hadi Nguruwe. Mashina nitayaita kwa majina yao ya Kichina na matawi kwa wanyama, maana kuna shina Wu la udongo na tawi Wu la Farasi, na wanaoanza huyachanganya kila mara. Aliyezoea falaki yetu ya nyota za moto, udongo, upepo na maji asilazimishe zifanane: hapa upepo haumo, na asili ni tano. Mti huzaa moto, moto huzaa udongo, udongo huzaa chuma, chuma huzaa maji, maji huzaa mti. Kisha mti hutawala udongo, udongo maji, maji moto, moto chuma, na chuma mti.

Shina la siku ndilo mwenye nyota. Zamani za ukoo wa kifalme wa Tang, mnajimu Li Xuzhong alisoma kwa kuanzia mwaka. Usomaji wa kuanzia siku ulishika zama za ukoo wa kifalme wa Song, na unahusishwa na Xu Ziping. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi ni Joka", amekutajia herufi moja tu kati ya nane, tena siyo yake mwenyewe.

Sahihisha saa kabla ya kuhesabu

Hapa ndipo nyota za watu wetu zinapoharibika, kwa hiyo nivumilie.

Wachina waliigawa siku kwa vipande 12 vya saa mbili mbili. Kipande cha Panya huanza saa tano usiku na kuisha saa saba usiku, kikifuatiwa na cha Ng'ombe, na kuendelea. Mama akisema mtoto alizaliwa saa moja na nusu asubuhi, programu inataka 07:30. Nimeona watu wakijaza 01:30 na kupata nguzo ya saa ya mtu mwingine kabisa.

Tatizo la pili ni jua. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo 45, mstari ambao Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko magharibi yake. Kila digrii moja ni dakika 4. Dar es Salaam jua liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika kama 23, Nairobi kama 33, na Kigoma saa nzima na dakika moja hivi. Walimu hawakubaliani kama hili lisahihishwe. Mimi nasahihisha, na sababu yangu ni hii hapa.

Chukua mtoto aliyezaliwa Kigoma tarehe 13 Oktoba 1988, saa moja na nusu asubuhi. Kwa saa ya ukutani nguzo zake ni: mwaka Wu juu ya Joka, mwezi Ren juu ya Mbwa, siku Xin juu ya Ng'ombe, saa Ren juu ya Joka. Joka, Mbwa na Ng'ombe wote ni udongo, na shina Wu ni udongo; Ren ni maji, Xin ni chuma. Ndiyo ule udongo 5, maji 2, chuma 1, mti na moto sifuri. Sasa rudisha saa nyuma kwa jua la Kigoma. Ilikuwa kabla ya saa moja kamili, kwa hiyo bado yuko kwenye kipande cha Sungura, na nguzo ya saa inageuka kuwa Xin juu ya Sungura. Udongo unashuka hadi 4, chuma kinapanda hadi 2, maji yanabaki 1, na mti umeingia, kwa sababu Sungura ni mti. Mti ndio asili pekee inayoutawala udongo. Nyota hizi mbili hazisomwi sawa hata kidogo, na bangili ya mbao ilinunuliwa kwa ile isiyo yake.

Anza na mwezi, kisha uhusiano

Asili iliyojirudia huipimi kwa idadi kabla ya kujua kama iko kwenye msimu wake. Mwezi hapa haufuati mwezi mwandamo wala kalenda ya ukutani. Hufuata jua, na mwaka hugeuka karibu na tarehe 4 Februari. Mti una nguvu majira ya kuchipua, moto kiangazi cha huko kaskazini, chuma majira ya majani kupukutika, maji baridi kali. Udongo unashika mwisho wa kila msimu: miezi ya Joka, Mbuzi, Mbwa na Ng'ombe. Usiniulize msimu wa Kigoma unaingiaje hapo. Elimu hii ilijengwa kwa hali ya hewa ya China na huwa naisoma kwa hali hiyo.

Mtoto wetu kazaliwa mwezi wa Mbwa, mwezi wa udongo. Kwa hiyo udongo wake ni mwingi na uko kwenye enzi yake.

Sasa uliza: udongo huu ni nani kwake? Yeye ni Xin, chuma kidogo, chuma cha kito. Udongo huzaa chuma, basi udongo ni mama. Hapo msomaji mchanga hushangilia: mama mara nne, huyu analindwa! Wachina wana usemi wao wa zamani kwamba udongo ukizidi chuma huzikwa. Kito kiko chini ya ardhi, kizima, hakuna anayekiona. Kwa watu wenye nyota kama hii namuona mtu anayesoma kozi baada ya kozi na haombi kazi, anayeomba ushauri kwa watu watano kwa jambo aliloliamua tangu zamani, au aliyelelewa na nyumba iliyomfanyia kila kitu.

Asili nyingine zikijirudia nitazipitia kwa haraka, ukizipima daima kutoka kwenye shina la siku. Iliyo sawa nawe ni ndugu: ikizidi, wapo wa kukusaidia na wapo wa kugawana nawe mali. Unayoizaa ni uzao, maneno, kipaji. Ikizidi unachoka, na mdomo unakugombanisha na wakubwa. Unayoitawala ni mali, na mali nyingi kwa mtu dhaifu ni kukimbizana na madili bila kushika hata moja. Inayokutawala ni mamlaka, sheria, shinikizo.

Angalia kilichofichwa

Kila tawi limebeba mashina ndani yake, na hapa udongo mmoja unaachana na mwingine. Ndani ya Joka kuna Wu, Yi na Gui: udongo, mti na maji. Ndani ya Ng'ombe kuna Ji, Gui na Xin: udongo, maji na chuma. Hawa wawili ni udongo mbichi. Ndani ya Mbwa kuna Wu, Xin na Ding: udongo, chuma na moto. Huu ni udongo mkavu, na Mbuzi ni mwenzake. Udongo mbichi hulea chuma vizuri, mkavu hukipasua. Kwa hiyo badala ya kusema "udongo mara nne" mimi nasema: Wu la mwaka, Joka na Ng'ombe wabichi, Mbwa mkavu katikati yao ndiye mwenye mwezi. Na utaona kwamba moto, ambao programu iliandika sifuri, umo ndani ya Mbwa, na chuma kina mizizi kwa Mbwa na kwa Ng'ombe. Sifuri ya programu maana yake ni kwamba haionekani usoni.

Matawi yanayojirudia yana kanuni yao ya ziada. Joka, Farasi, Jogoo na Nguruwe kila mmoja akikutana na mwenzake wa aina yake hujiadhibu. Kwenye nyota ya saa ya ukutani Joka walikuwa wawili. Kwenye nyota ya jua ni mmoja, na suala hilo linakufa.

Idadi sawa, hukumu tofauti

Mfano ambao mzee wangu anaupenda ni wa mfalme Qianlong, aliyezaliwa tarehe 25 Septemba 1711, saa ya Panya. Nguzo zake: Xin juu ya Sungura, Ding juu ya Jogoo, Geng juu ya Farasi, Bing juu ya Panya. Hesabu: chuma mara tatu (Xin, Geng na Jogoo), moto mara tatu (Ding, Bing na Farasi), mti mmoja (Sungura), maji moja (Panya), udongo haupo usoni. Kwa kuhesabu ni sare. Lakini mwezi ni wa Jogoo, chuma kiko kwenye enzi yake, na mwenye nyota, Geng, ni chuma. Moto kwake ni mamlaka, na una mzizi kwa Farasi aliye chini yake mwenyewe. Chuma chenye nguvu kikipata moto wa kutosha, kinafuliwa. Angezaliwa mwezi wa Farasi na nguzo nyingine zikabaki zile zile, moto huo huo ungekuwa balaa. Alitawala kuanzia 1735, akajiuzulu 1796 asije akampita babu yake Kangxi kwa miaka ya utawala. Ni kweli pia kwamba aliyeisoma nyota yake baada ya hayo yote alikuwa na kazi rahisi, na hilo nalisema hata mbele ya mzee.

Nini kinaipunguza, na lini

Ukishajua asili iliyozidi ni nani, tafuta njia yake ya kutokea. Mtoto wa Kigoma ana mbili: Ren la mwezi, maji ya kukiosha kito, na Sungura wa saa, mti wa kuulegeza udongo. Sungura ni mti mdogo, kama majani. Hachimbui mlima, ila anafungua njia. Moto ndio usimwongezee, kwa sababu moto huzaa udongo zaidi. Anayekuuzia jiwe jekundu kwa kuwa "moto wako ni sifuri" anauza jiwe tu.

Mwisho tazama vipindi vya miaka kumi kumi, maana huko ndiko asili iliyozidi hurudi tena au hupata mpinzani. Kwa mwaka wa shina la yang, yaani la upande wa kiume, kama Wu, mwanamume huhesabu kwenda mbele kutoka mwezi wake, mwanamke kurudi nyuma. Kama mtoto wetu ni wa kiume, kipindi cha kwanza kinaanza akiwa na miaka 8 hivi, na kuanzia 2007 alipata Jia juu ya Panya: mti mkubwa na maji, miaka kumi ya kutoka chini ya ardhi. Kama ni wa kike, anaanza akiwa karibu na miaka 2, na kuanzia 2010 alipata Ji juu ya Mbuzi, kisha 2020 Wu juu ya Farasi. Udongo juu ya udongo, halafu udongo juu ya moto. Huyo simwambii habari za bangili. Namuuliza ni kitu gani amekuwa akikisomea tangu 2010 bila kukifanyia kazi, na namwonyesha 2030, pale shina la udongo linapoondoka, ingawa Ding inayoingia ni moto.