Kusoma barua za wakoloni kwa jicho la Ranajit Guha

Mimi huanza na fotokopi na penseli. Wino haukupi nafasi ya kubadili mawazo. Pigia mstari kila neno la dharau. Afisa wa Kiingereza akiandika "wahuni", huenda ni wakulima waliochoka kunyonywa; akilalamikia "maambukizi", soma mshikamano wa vijiji. Ndivyo Guha, mwanahistoria mzaliwa wa Bengal, alivyofanya katika kitabu chake cha 1983 kuhusu maasi ya wakulima India. Kisha tazama tarehe: barua iliandikwa moto wa maasi ukiwaka, au miaka baadaye, mtu akijisafisha? Ila kitabu chenyewe kizito, kilinishinda mara mbili. Tangulia na makala yake kwenye juzuu ya pili ya Subaltern Studies, mfululizo wa vitabu kuhusu historia ya watu wa tabaka la chini aliouanzisha 1982.