Kuzuia Jasho la Vioo na Milango Nyakati za Baridi

Katika miji ya nyanda za juu kama Njombe na Limuru, baridi ya Juni na Julai huwaamsha wenye nyumba wakakuta vioo vya madirisha vimetoka jasho, fremu zimelowa na mlango wa chuma unachuruzika upande wa ndani. Wengi hudhani kwamba maji hayo yamepenya kutoka nje, hivyo huziba kila upenyo, na tatizo huzidi kwa sababu mvuke wenyewe umetoka ndani. Hewa yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takribani gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzijoto 10 hubeba takribani gramu 9 tu, na kinachozidi hugeuka matone kwenye kioo na chuma, vitu vinavyopoa upesi kuliko ukuta.

Anza kwa kupunguza mvuke. Funika sufuria unapopika na ufungue dirisha la jikoni, hasa ikiwa unatumia gesi, maana kilo 1 ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1 na nusu ya maji katika hali ya mvuke. Nguo mbichi zisianikwe sebuleni. Mvua ikikulazimisha, zianike katika chumba kimoja kilichofungwa mlango, na dirisha lake liachwe wazi kidogo. Bafu nalo lifanyiwe hivyo hivyo baada ya kuoga.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kupitisha hewa. Matundu ya hewa yaliyojengwa juu ya madirisha yasizibwe kwa magazeti wala matambara, hata baridi ikizidi. Kila asubuhi fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana kwa dakika 10 hivi, ili hewa nzito itoke kabla kuta hazijapoa. Anayeota moto wa jiko la mkaa ndani ya nyumba azingatie hili zaidi, kwani makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Jiko hilo lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala.

Mapazia mazito yasigusane na kioo, na yafunguliwe mapema asubuhi. Matone yaliyokwisha kujitokeza yafutwe kwa kitambaa kikavu kuanzia juu, kisha kitambaa kikamuliwe na kuanikwa nje, kwa sababu kikiachwa chumbani maji yatarudi hewani. Fremu ya chuma iliyoanza kushika kutu isuguliwe kwa msasa, ikauke vizuri, halafu ipakwe rangi ya kuzuia kutu.

Ikiwa sehemu ya chini ya ukuta inabaki na unyevu hata wakati wa joto na madirisha yakiwa wazi, huenda maji yanapanda kutoka ardhini, na hapo ni fundi wa ujenzi anayehitajika kukagua msingi.